Kanda mseto (mixtape) ya konda wa Kwa Mrombo: nimeiuza kibandani miezi mitatu, naleta mrejesho

MWENYE KIBANDA (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina kibanda cha kuingiza nyimbo pembeni ya soko la Kilombero, Arusha. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Lete flashi, memori kadi au simu, najaza. Madereva wa vifodi (daladala za huku), vijana wa toyo (pikipiki), mafundi wa gereji za Unga Limited, wauza mitumba, wote wamepita hapa. Na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumlipa msanii hata mmoja hata shilingi mia. Naanza na hilo kwa sababu nisipolisema, yanayofuata hayatakuwa na maana.

Miezi mitatu iliyopita alikuja chalii (kijana) ninayemfahamu, konda wa kifodi njia ya Kwa Mrombo, mzaliwa wa Ngarenaro. Jina simtaji, mwenyewe kaniomba hivyo, hataki uzi ugeuke tangazo. Wa hapa Chuga, yaani Arusha, mtamjua tu. Alisubiri wateja wapungue, akatoa flashi iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, akasema: "Braza, humu kuna nyimbo kumi na tatu, ni kanda mseto yangu. Najua hata nisipokupa utaipata, kesho kutwa mtu atakuletea. Ila nakuomba uiuze, usiigawe."

Sikuwa na jibu. Siku zote wasanii wachanga wanakuja kuniomba niwawekee wimbo wao bure kwenye kila flashi inayopita, ili wajulikane. Huyu kaja na ombi la kinyume.

Tukakaa kwenye benchi, tukapiga hesabu. Kanda nzima shilingi 5,000. Yeye 3,500, mtayarishaji aliyemtengenezea midundo 500, mimi 1,000. Wimbo mmoja mmoja hauuzwi, unanunua kanda yote. Kila anayenunua namwandika kwenye daftari, namba tu na tarehe, na jioni chalii akimaliza kazi anapita kuangalia. Hela yake naituma kwa simu kila Jumamosi.

Nitawaambia ilivyopokelewa, lakini kwanza niwaeleze kanda yenyewe, maana wengi mnasikia majina ya mitaa tu.

Amerekodi Sombetini, kwenye chumba cha kupanga cha mtayarishaji. Magodoro yameegemezwa ukutani, blanketi limepigwa misumari mlangoni. Gharama zote alizitoa kwenye posho ya ukonda: 30,000 kila wimbo, 150,000 ya kusawazisha sauti, 20,000 ya kava. Jumla 560,000. Alikuwa anarekodi usiku baada ya kushuka kwenye gari, na konda mnamjua, kuanzia alfajiri anaita vituo. Kufika saa tatu usiku sauti imebaki nusu. Mtayarishaji alimshauri aje siku za mapumziko, sauti ikiwa imepona. Akakataa, akasema siku ya mapumziko hana cha kusema. Kwenye wimbo wa pili analisema hilo mwenyewe:

*Asubuhi naita Mrombo, usiku sauti imekwisha,*
*ndiyo hiyo niliyobakiza, nikaja kuirekodisha.*

Kanda nzima ina sauti hiyo, imekwaruza, ya mtu aliyeshinda mlangoni mwa gari. Mara ya kwanza nikadhani spika yangu imepasuka. Mara ya tatu nikazima feni nisikie vizuri.

Wimbo wa kumi na moja una mvua. Msidhani ni sauti ya kuchukua mtandaoni. Ilinyesha juu ya bati wakiwa katikati ya beti ya pili, na alikuwa amebakiwa na hela ya usiku mmoja tu. Wakaendelea. Ukisikiliza kwa makini kuna mahali anapandisha sauti kuishinda mvua, halafu anaiacha imshinde. Mtayarishaji hakuifuta, na alifanya vyema sana.

Naendelea hapo chini, kuna mteja.

MDAU WA PASUA

Shimbonyi wakuu. Nipo Moshi. Hii kanda nimeisikia kwenye Coaster ya Arusha–Moshi wiki mbili zilizopita, sikujua ni ya nani. Dereva aliianza tukitoka stendi, ikaisha tunaikaribia Kikatiti, akairudia. Abiria mmoja mama mtu mzima akamwambia konda wetu, "wewe huyu anakusema." Gari zima likacheka. Mtoa uzi, Moshi inapatikana wapi? Huku vibanda vyote vinagawa tu.

MWALIMU WA KISWAHILI

Nimeisikiliza yote. Kijana ana kipaji, lakini nasema wazi: lugha ni ya mtaa mno. Mtu wa Mtwara au Kigoma ataelewa nini? Kuna beti nzima ya lugha ya makonda na machalii wa Arusha. Akitaka kufika mbali asafishe lugha. Nasema kwa upendo.

MWENYE KIBANDA (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima.

Mji huu haujawahi kufika mbali kwa kujificha. X Plastaz, kundi la hip hop la hapa Arusha, walianza 1996, na waliochana Kiswahili walikuwa na Yamat Ole Meipuko anayeimba Kimaasai, lugha ambayo Watanzania wengi hawaijui. Mwaka 2004 albamu yao ikatolewa Ujerumani na Out Here Records. Mwaka 2009 Gsan wa kundi hilohilo alisimama kwenye duara la michano (cypher, wachanaji wakipokezana) la tuzo za BET Hip Hop, Marekani. Nako 2 Nako jina lao lenyewe wamelitoa Ngarenaro. Watengwa ni wa Kijenge. Joh Makini na wenzake wa Weusi walipeleka matamshi ya huku Dar es Salaam, na Dar wakayaiga. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kuomba radhi ya lafudhi.

Na chalii anaposema maneno ya ukonda, anasema ya kazi yake. Ukiyatoa humo atabaki anachana kuhusu magari ya kifahari ambayo hana. Mie naona beti ile unayoilalamikia ndiyo nguzo ya kanda. Anaeleza namna konda anavyohesabu kwa vidole: noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, kila kidole thamani yake, na gari likikata kona haruhusiwi kuangalia mkono. Nimeona makonda wakisikiliza sehemu hiyo mbele ya kibanda, mikono yao inajikunja yenyewe.

Mdau wa Pasua, nakuja kwenye swali lako.

Kuhusu hilo jina la X Plastaz kuna jambo linanisumbua. Faza Nelly wa kundi lile alifariki 2006. Nilipofungua kibanda tayari alikuwa hayupo, na nyimbo zao nimezijaza kwenye flashi za watu mara nisizoweza kuhesabu, kwa sababu kila mgeni wa Chuga anaziulizia. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kile ninachopokea kingepaswa kufika kwa nani. Sisi wa vibanda tumezoea kuwalaumu wasambazaji wa enzi za kanda, kwamba msanii wa Arusha alipanda basi kwenda Kariakoo kukabidhi masta (rekodi mama), akarudi na bahasha nyembamba, kanda ikauzwa nchi nzima. Ni kweli. Lakini yule msambazaji angalau alitoa bahasha. Mie sikutoa kitu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila ruhusa yake ni kosa. Nimeijua siku zote, kama kila mwenye kibanda anavyoijua.

DEREVA NJIA YA USA

Mkuu usijitie lawama peke yako. Bila vibanda hizo nyimbo zingefia studio. Redio gani ingezipiga? Mimi gari langu ndilo lililomtoa kijana mmoja wa Tengeru, watu walikuwa wanapanda wakiulizia wimbo.

MWENYE KIBANDA (mleta uzi)

Dereva, nakubali nusu. Kibanda na kifodi ndiyo redio yetu ya kweli, hilo sibishi. Lakini kutangaza kazi ya mtu hakunipi haki ya kula ugali wake.

Jambo hili lina historia yake hata huko lilikoanzia. Kanda mseto zilianza New York na madijei waliorekodi seti zao kwenye kaseti na kuziuza mkono kwa mkono. Baadaye makampuni makubwa yakawa yanawapa madijei nyimbo kimyakimya ili wasanii wao wapate jina mtaani. Januari 2007 polisi wakavamia ofisi ya DJ Drama, dijei maarufu wa kanda mseto, kule Atlanta, wakamkamata yeye na mwenzake Don Cannon, wakachukua diski zaidi ya elfu themanini. Yaani tasnia ileile iliyokuwa ikinufaika na kazi yake ndiyo iliyomgeuka. Nikiwa kijana nilisoma habari ile nikamhurumia sana. Leo naiona kwa pande zote mbili: alikuwa anajenga majina ya watu, na makaratasi ya ruhusa hayakuwepo. Chalii huyu kanipa ruhusa kwa mdomo wake, tena kabla sijaomba.

Sasa mapokezi.

Wiki ya kwanza niliuza 41. Siku ya kwanza walinunua makonda wenzake, kumi na wanne, na wengi walinunua kwa kumwonea fahari kabla ya kusikiliza. Siku ya pili wakarudi na madereva wao. Hapo nikajua imeshika, maana dereva hanunui kwa urafiki, ananunua kitakachomkalisha abiria kwenye foleni ya Mianzini.

Kulikuwa na wateja waliokasirika, lazima niseme. Mteja wangu wa miaka sita, fundi gereji, aliniambia nimekuwa na tamaa: flashi nzima namjazia kwa 2,000, leo kanda ya konda mmoja 5,000? Nikamwonesha daftari. Nikamwonesha na ujumbe wa simu wa Jumamosi, hela ilivyokwenda kwa mwenye kazi. Alisoma polepole, akauliza, "Kwa hiyo hii mia tano ni ya aliyepiga mdundo?" Nikamwambia ndiyo. Akatoa elfu tano. Tangu hapo daftari linakaa mezani, wazi, na nimegundua watu wakiona hela inakokwenda hawabishani. Wanaobishana ni wanaodhani yote naila mimi.

Redio je? Alipeleka nakala kwenye vituo viwili vya mkoani. Sivitaji. Kimoja walimwambia sauti haina ubora, arudie kurekodi akiwa amepumzika. Kingine mtangazaji alipiga wimbo wa nne mara moja, usiku wa manane, kisha akaomba "hela ya maji". Chalii akanijia na uso umenywea. Sikumwambia kitu, nikamwongezea sauti ya spika. Ulikuwa muda wa watu kutoka sokoni, wamama wenye vikapu wamejazana kusubiri usafiri, na wimbo wa nne ndio ule wa mama yake anayeuza ndizi humohumo Kilombero. Mmoja akamtambua, akaita wenzake: "Si mtoto wa huyu wa ndizi mzuzu?" Wakamzunguka. Yule mama wa ndizi mwenyewe akaja, kumbe alikuwa hajawahi kuusikia. Kijana alimficha akiogopa kumuudhi. Akasikiliza mpaka mwisho, amesimama, kitenge mdomoni. Halafu akamuuliza mwanawe swali moja tu: "Hiyo sauti umeumwa?"

MDAU WA PASUA

Hapo kwa mama nimeganda. Endelea mkuu.

MDAU WA IMBASENI

Niongeze kitu kuhusu kurekodi. Huku kwetu Imbaseni, kuna UAACC, kituo cha jamii cha Mzee Pete O'Neal na mkewe Mama C, Wamarekani weusi waliohamia huku; vijana wengi wa michano na mashairi wamepitia pale, kuna studio na kuna watu wazima wanaokusikiliza. Machalii wengi wa mjini hawajui kwamba kuna sehemu kama ile huku karibu na Maji ya Chai. Mwambie kijana aje. Swali langu: huko mtandaoni imefanyaje?

MWENYE KIBANDA (mleta uzi)

Ahsante kwa hilo, nitamfikishia leo hii.

Mtandaoni ndiko kulikotuumiza. Aliipandisha yote kupitia kampuni moja ya usambazaji, ikatokea Boomplay, Spotify na kwingineko. Siku ya tisa wimbo wa saba ukaondolewa. Mdundo wa wimbo huo pekee haukutengenezwa Sombetini, aliuchukua YouTube, umeandikwa ni wa bure. Chini kabisa kwenye maelezo kulikuwa na mstari mmoja: bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Yeye aliona neno "bure" akashukuru Mungu. Mwenye mdundo akalalamika, na alikuwa na haki.

Machalii mnaorekodi sasa, naomba mnisikie hapa. Mdundo wa bure wa mtandaoni mara nyingi ni bure kwa mazoezi. Ukiuza hata nakala moja, unatakiwa ununue leseni, na leseni zenyewe zina viwango, nyingine zinakuwekea kikomo cha nakala au wasikilizaji. Soma hadi chini. Huelewi Kiingereza, mpe mtu akusomee. Na ukitengenezewa mdundo na mtu wa mtaani kwako, andikianeni karatasi: nani mmiliki, nani anapata nini. Yeye na wa Sombetini waliandikiana kwenye daftari la kawaida, mashahidi wawili, na karatasi ile ndiyo iliyofanya nyimbo nyingine kumi na mbili zisiguswe na mtu.

Mtayarishaji akampigia mdundo mpya kwa siku nne. Tukatangaza kwamba aliyenunua alete flashi nimbadilishie bure. Wamekuja wachache. Wengi wanasema ule wa zamani ni mtamu zaidi, waache hivyohivyo.

Hela za mtandaoni mpaka leo hajapokea, hazijafika kiwango cha chini cha kutoa. Daftari la kibanda, miezi mitatu, nakala 312. Yeye 1,092,000. Mtayarishaji 156,000. Mimi 312,000. Amerudisha gharama zake zote za 560,000 na kubakiwa na zaidi ya nusu milioni, na masta ni zake.

MWALIMU WA KISWAHILI

Marahaba, mtoa uzi. Nimerudi kuisikiliza ile beti ya vidole. Nakubali kwamba nilipitwa. Lakini 5,000 kwa kijana asiye na jina, huoni ni kubwa? Wanafunzi wangu hawaiwezi.

MWENYE KIBANDA (mleta uzi)

Mwalimu, nimefurahi umerudi. Bei tulibishana sana na chalii mwenyewe, mimi nilitaka 2,000.

Yeye ndiye aliyenikumbusha Nipsey Hussle, mchanaji wa Los Angeles. Oktoba 2013 Nipsey alitoa kanda mseto yake, Crenshaw, mtandaoni bure kabisa, na palepale akachapisha nakala 1,000 za kushika mkononi kwa dola 100 kila moja. Watu walimwona kachanganyikiwa. Zikaisha, na Jay-Z peke yake alinunua 100. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake, alikuwa na mtaa wake. Chalii akaniambia: "Braza, hao hawakununua nyimbo, nyimbo zilikuwa za bure. Walinunua kusimama upande wake."

Kwa wanafunzi kuna njia. Huko mtandaoni wanasikiliza kwa bando lao tu, na yeye hana kinyongo na hilo. Ila flashi ya gari inayoingiza nauli kutwa nzima, 5,000 mara moja haimuumizi mwenye gari.

Mdau wa Pasua: nimeongea na mwenzangu ana kibanda karibu na stendi ya Moshi. Mwanzoni alinicheka, kwamba tayari anayo kanda, kaletewa na dereva wa Coaster. Nikamwambia najua, na ndiyo maana nimekupigia. Tumekubaliana mgao uleule na daftari lake litakaa mezani kama langu. Jumatatu nampelekea kanda yenye wimbo wa saba mpya, kava, na namba ya kutumia hela.

DEREVA NJIA YA USA

Sasa mimi niseme ukweli. Kanda hiyo ninayo tangu wiki ya pili, alinipa konda wangu, alinakili kwa simu. Sikulipa. Naipiga kila siku. Nikija nailipia vipi, na nyimbo tayari ninazo?

MWENYE KIBANDA (mleta uzi)

Njoo tu mkuu. Nitakuandika kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote, na flashi yako nitaibadilisha wimbo wa saba. Ule wa zamani usiniombe, kwenye mashine yangu niliufuta mwenyewe akiwa amesimama hapa.

Nafungua saa mbili asubuhi, Jumapili baada ya ibada. Ukikuta foleni ni makonda wa Mrombo, wanasubiri gari lijae.